Je, Wajua? Mwanakwaya wa Igunga Huenda Anaijua Maina Kabla ya Kugusa Kinanda

Kwaya nyingi za makanisa nchini hujifunza nyimbo kwa nota za sol-fa, zile herufi d, r, m, f, s, l, t zinazoandikwa ubaoni. Mfumo huo ulienezwa na mchungaji Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, akiendeleza kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich.

Basi kwaya ya Igunga ikiimba la, do na mi kwa pamoja, imeshatoa kodi (chord) ya maina (minor).

Kwenye kinanda, do ikiwa C, hizo ni A, C na E, zote vibonyezo vyeupe. Mkono wa kulia, weka gumba kwenye A, kidole cha kati kwenye C, kidole cha mwisho kwenye E. Kutoka A hadi C ni hatua 3, ukihesabu na vyeusi; kutoka C hadi E ni hatua 4. Sasa sogeza kidole cha kati peke yake hadi kile cheusi kilicho kulia kwa C. Hatua zimegeuka, 4 kisha 3, na maina imekuwa meja.

Wengi husema maina ni ya huzuni. Si lazima: taarabu ina maqamu ya nahawandi, inayokaribiana sana na skeli ya maina, na harusini watu wanatunza na kucheza.

Ukijaribu na sauti ikatoka tofauti, angalia kwanza kama mpigaji aliyetangulia ameacha kinanda kimehamishwa ufunguo (transpose).