Nani Alikuwepo?

Vijana wa kiume wanapoletwa kwangu kwa sababu ya ugomvi, mzazi au mwalimu huanza kunisimulia kisa: nani alimtukana nani, deni lilikuwa shilingi ngapi, nani alitangulia kurusha ngumi. Mimi huuliza kwanza nani alikuwepo. Visa nilivyosikiliza kutoka Tandale, Manzese, Mbagala na Tandika, hapa Dar es Salaam, vimenifundisha kwamba jibu la swali hilo hueleza mengi kuliko chanzo chenyewe. Deni la shilingi 2,000 likidaiwa pembeni, wawili peke yao, huishia kwenye "nitakupa Ijumaa". Deni hilohilo likidaiwa mbele ya benchi lenye vijana saba, mmoja akacheka, mwingine akatamka "mwanangu, unachukuliwa poa hivyo?", mtu anaweza kulala hospitali akiwa ameshonwa nyuzi.

Mtazame kijana aliyekwisha kupiga. Macho yake hayabaki kwa aliyempiga. Yanakwenda kwenye benchi.

Wazazi wengi huniambia ni damu ya ujana inachemka. Wana hoja kidogo. Kwenye balehe homoni ya testosteroni hupanda sana, sauti hukwaruza, misuli hujaa. Lakini homoni haimwamuru mtu akunje ngumi, na haipandi na kushuka bila kujali mtu anaishi vipi. Ushahidi mzuri kuliko wote ninaoujua umetoka hapa nchini Tanzania, kando ya Ziwa Eyasi. Mwaka 2009 Martin Muller na wenzake walichapisha matokeo ya kupima homoni hiyo kwenye mate ya wanaume wa jamii mbili jirani. Kwa Wahadzabe, baba hukaa sana na watoto wake wadogo, huwabeba, hucheza nao. Kwa Wadatoga, kulea mtoto mchanga ni kazi ya wanawake, na baba huwa mbali. Baba wa Kihadzabe walikutwa na kiwango cha chini kuliko Wahadzabe wasio na watoto. Kwa Wadatoga, mwenye mtoto na asiye naye hawakutofautiana. Ziwa ni moja, nchi ni moja, ila kubeba mtoto na kutombeba kumeonekana hadi kwenye mate ya mtu. Kwa hiyo mzazi akiniambia "ndivyo walivyoumbwa", namjibu kwamba walivyoumbwa ni pamoja na kuweza kuwa hivi au vile.

Mafunzo huanza mapema mno. Mtoto wa miaka minne anaanguka uani, goti linachubuka. Akiwa wa kike huinuliwa na kubembelezwa. Akiwa wa kiume husikia "jikaze, mwanaume halii", mara nyingi kutoka kwa watu wanaompenda kwa dhati. Akiendelea kulia anachekwa. Akinyamaza na kulipiga teke jiwe lililomwangusha, watu wazima wanafurahi: dume hilo! Hapo amejifunza jambo kubwa. Huzuni yake inachekesha watu, hofu yake inachekesha watu, hasira yake inapewa heshima. Akifika darasa la tano, kila kinachomuuma kinatokea mlango huo mmoja. Baba ameondoka nyumbani, anapigana. Amefeli, anapigana. Amedhalilishwa na mtu mzima, hasemi, anapigana.

Hilo la mwisho lisipitwe haraka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa kwa ushirikiano wa UNICEF na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Takriban robo tatu yao, wa kike kwa wa kiume, walikuwa wamepigwa au kuumizwa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Mvulana mmoja katika kila saba hivi alikuwa amefanyiwa ukatili wa kingono. Wavulana hao tunakaa nao mitaani, na karibu hakuna anayewajua, kwa sababu kusema ni kujivua uanaume mbele ya watu. Shuleni nako kanuni zinaruhusu viboko visivyozidi vinne. Najua walimu wengi wanaochapa kwa nia njema. Mtoto hajifunzi nia. Anajifunza kwamba mwenye mamlaka juu yako huyaonyesha kwa mkono.

Watu wa pwani hukumbuka jando hapa, na kulililia. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland, aliishi na Wazaramo wa Bunju katika miaka ya 1960 na mwaka 1970 akachapisha kitabu juu ya mila zao. Bunju ile ya mashamba ya minazi sasa ni kituo cha daladala. Kwenye kumbi la jando, wavulana walitahiriwa na ngariba, wakakaa pamoja hadi kupona, wakifundishwa kwa nyimbo na mafumbo namna ya kuishi na wakubwa, na wanawake, na wao kwa wao. Siwezi kulisifu lote. Kulikuwa na vipigo na kutishwa, na mafunzo mengine kuhusu wanawake nisingetaka mwanangu ayasikie. Ila kumbi lilikuwa na kitu ambacho hatujakirudisha: mtu mzima aliyekabidhiwa wavulana wa nyumba nyingi, anayejulikana na wazazi wote, ambaye kijana akiharibu huulizwa yeye. Leo watoto hutahiriwa zahanati, wengi wakiwa wadogo wasiokumbuka. Ni salama zaidi na nashukuru. Ngozi imeondolewa, na somo halikupewa mtu mwingine alifundishe.

Somo hilo limechukuliwa na kijiwe. Watafiti waliofanya kazi na vijana wa Kinondoni waliyakuta makundi yanayojiita kambi, yenye jina, viongozi wa kuchaguliwa na kanuni zao. Anayeyaita yote genge la wahuni hajakaa nayo. Kambi huchangishana msiba, humtafutia mtu kibarua, humtoa mwenzao mahabusu. Ndiyo familia ya pili kwa kijana aliyekuja kutoka Lindi au Singida bila ndugu mjini. Tatizo ni umri. Mwalimu wa mtoto wa miaka 15 pale ni kijana wa miaka 22, naye uanaume wake bado haujatulia, analazimika kuuthibitisha kila jioni.

Kuuthibitisha kwa kitu gani, ikiwa kipato hakuna? Margrethe Silberschmidt, aliyefanya utafiti Kisii nchini Kenya na hapa Dar es Salaam, aliandika mwaka 2001 kwamba mwanaume aliyeambiwa tangu utotoni kuwa yeye ni mlishaji, kisha akakosa cha kulisha, hutafuta heshima yake katika idadi ya wanawake na ukali wa mkono. Naona kila wiki alichokiandika.

Basi tuwape mitaji? Lilijaribiwa, na majibu yake yalinisumbua. Mradi ulioitwa Vijana Vijiweni ulichukua kambi zipatazo 60 za Kinondoni. Baadhi zilipewa mikopo midogo ya biashara pamoja na mafunzo kwa vijana waliochaguliwa na wenzao kuwa viongozi wa afya. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: wanaume wa kambi hizo hawakupunguza ukatili kwa wapenzi na wake zao kuliko wa kambi nyingine. Kampala, mradi wa SASA! ulishughulika na mtaa mzima, kuanzia polisi na viongozi wa dini hadi majirani na wauza duka. Utafiti uliotoka mwaka 2014 ulionyesha kwamba ukatili wa kupigwa na mwenza ulikuwa karibu nusu ya ule wa mitaa isiyofikiwa. Mitaa iliyopimwa ilikuwa michache, hivyo tarakimu hiyo ishikwe kwa mkono mwepesi. Hata hivyo naamini tofauti ni benchi. Dar es Salaam tulimfundisha mpigaji. Kampala waliwafundisha wanaotazama.

Na benchi ni refu kuliko la kijiweni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, hata mila zikisema vinginevyo. Miaka zaidi ya 40 baadaye, utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015–16 uliuliza kama mume anaweza kuwa na sababu ya kumpiga mkewe, kama vile kuunguza chakula, kutoka bila ruhusa na mengineyo. Wanaume asilimia 40 walikubali angalau sababu moja. Wanawake walikuwa asilimia 58. Mama mkwe anayemwambia binti "vumilia, ndiyo wanaume" amekaa kwenye benchi lilelile, na mtoto wa kiume aliyelala chumba cha pili anasikia.

Jiji huwakumbuka vijana hawa wakishashika mapanga. Januari 2015 kundi la vijana lililoitwa Panya Road lilitia hofu mitaa ya Kinondoni, watu wakafunga maduka. Mwaka 2022 jina hilo likarudi na vifo vyake, msako ukaanza, vijana wakauawa. Sipingi raia kulindwa. Nasema tu kwamba hakuna aliyezaliwa Panya Road, na kila mmoja wao, watu wa mtaani kwake walimwona akikua.

Jioni moja Mbagala nilikuwa nikisubiri usafiri karibu na kijiwe cha bodaboda. Akapita kijana wa miaka kama 20, kamfunga mtoto kifuani kwa khanga, mtoto ana homa, analia. Mmoja kwenye benchi akapaza sauti: "Oya, mama nanii!" Wawili wakacheka. Kijana akakaza taya, mkono ukaanza kulegeza fundo la khanga, na nikaona kabisa kwamba anatafuta pa kumlaza mtoto ili apigane. Mwanaume mmoja mtu mzima kidogo, aliyekuwa akifuta pikipiki, akaitupa ile dasta. Hakumkemea aliyetania. Alisema tu, "Kaka, panda, nakuwahisha zahanati," akawasha. Yule aliyetania akainuka, akamshikia mtoto mguu usiguse eksozi wakati baba yake anapanda.