Barua pepe ya testi ikihepa: venye wasee wa kucode huinasa kabla ikufikie

Juni 17, 2021, wasee kibao waliolipia HBO Max walishtukia barua pepe yenye kichwa "Integration Test Email #1". Ndani hakukuwa na muvi wala ofa, ni maneno machache tu ya kusema hiyo ni ya kufanyia testi. Kampuni ilikubali kwa Twitter kwamba ilitumwa kimakosa, na kwamba ndiyo, ni msee wa atachmenti alifanya hivyo. Watu walimhurumia, hadi wazee wa kazi wakaanza kuanika vitu walishawahi kuharibu wenyewe.

HBO Max walikuwa na bahati, juu barua yenyewe ilikuwa tupu. Sasa leta hiyo stori Eldoret. Sema umetengenezea landlord wa Annex saiti ya kubuku keja. Mwanafunzi anajaza fomu, analipa deposit, saiti inamtumia barua: keja ni yako, bonyeza hapa ukubali. Unataka kutesti, so unakopi databesi ya mwaka jana na majina yake yote, unabonyeza. Kuna msee Lodwar amesoma hiyo barua na saa hii anafunga godoro. Na barua pepe ikishatoka imetoka, hakuna kuirudisha. Tena kuchezea data za watu hivyo kunaweza kukukosanisha na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na faini yake inaweza kufika milioni 5.

Dawa ni kutega mtego. Kuna programu za bure kama MailHog, ile ya kitambo, na Mailpit, ile ya siku hizi. Unaiwasha kwa laptopu, inajifanya seva ya barua pepe, inasikiliza kwa mlango 1025. Saiti yako inaiachia barua ikidhani imetuma. Kumbe barua imekwama hapo, na unaisoma kwa brauza kwenye mlango 8025. Hakuna kitu inatoka nje.

Lakini kusoma kwa macho kila saa ni kazi ya punda, na hapo ndipo testi za kujiendesha zinaingia. Unaandika skripti. Inafuta kila kitu kwa mtego, inajaza fomu ya keja kama mwanafunzi, halafu inauliza mtego: umepata nini? Barua lazima iwe moja, si mbili. Imeenda kwa aliyebuku, si kwa landlord. Namba ya keja ni ile ile. Kisha skripti inachomoa linki, inaifungua, inahakikisha buking imekubaliwa. Ikifungua linki hiyo mara ya pili, saiti ikatae. Wengi huishia "barua imetumwa", wanaenda lunch. Hiyo ni testi nusu, juu barua inaweza kutumwa ikiwa na linki ya laptopu yako, ile ya localhost, ambayo kwa simu ya mwanafunzi haifunguki kabisa.

Na majina je? Ukitesti na John pekee, utalia. Huku kwetu kuna kina Ng'etich na Ng'eno, na hiyo alama ya juu huchanganya saiti nyingi. Barua inafika imeandikwa "Habari Ng&amp;#39;etich", kama nenosiri la WiFi. Weka Ng'etich kwa testi zako kuanzia siku ya kwanza.

Kitu kingine husumbua ni muda. Saiti nyingi hazitumi barua hapo hapo, zinaiweka kwa foleni kwanza. Skripti ikiangalia haraka inapata mtego mtupu, inasema umefeli; ukirudia, umepita. Testi kigeugeu hivyo watu huacha kuziamini. Mwambie skripti iangalie kila nusu sekunde hadi sekunde kumi, ndiyo ikate tamaa.

Na tafadhali wacha kutumia test@test.com. Hiyo ni domeini ya ukweli. Tangu 1999, example.com na majina yanayoishia .test yametengwa rasmi kwa mambo ya mfano na majaribio, hayatapewa mtu yeyote.

Kwa meseji na pesa, mitego iko tayari. Africa's Talking wana sandbox, uwanja wa majaribio ambapo SMS inaishia kwa simu ya kuigiza kwenye skrini. Daraja ya Safaricom nayo ina sandbox ya M-Pesa ya kujaribu malipo.

Kuna kitu kimoja mtego hauwezi kukuambia: kama Gmail itakuangusha kwa spamu. Tangu Februari 2024, Google wanataka anayetumia watu wa Gmail barua 5,000 na zaidi kwa siku ahakikishe wanaomripoti kama spamu hawafiki asilimia 0.3, na hata mtumaji mdogo lazima athibitishe domeini ni yake. So testi zote zikipita, tuma barua moja ya ukweli kwa Gmail yako mwenyewe. Cheki imeangukia wapi, bonyeza linki ukitumia simu yenye bundles, si WiFi ya ofisi, ndiyo umpigie landlord umwambie afungue buking.