Yeremia alinunua shamba mji ukiwa umezingirwa

Mwaka wa kumi wa utawala wa Sedekia, mfalme wa Yuda, yapata mwaka 587 kabla ya Kristo, jeshi la Babeli lilikuwa limeuzingira mji wa Yerusalemu. Watu wamefungiwa ndani ya kuta, mkate unapungua siku hadi siku, na askari wa Nebukadreza, mfalme wa Babeli, wanarundika udongo ukutani ili wapande na kuingia. Siku hizo hizo, mfungwa mmoja katika uwanda wa walinzi, kwenye nyumba ya mfalme, alitembelewa na binamu yake Hanameli. Alikuja na shamba la kuuza.

Mfungwa huyo alikuwa nabii Yeremia, na shamba lilikuwa Anathothi, kijiji alichozaliwa, kilomita chache kaskazini-mashariki mwa mji. Jeshi lilikuwa limetanda nchi nzima, kwa hiyo Hanameli alikuwa anauza ardhi ambayo asingeweza kumtembeza mnunuzi kumwonesha mipaka yake. Yeremia naye alikuwa chini ya ulinzi. Hakuwa na mke wala mtoto wa kumrithisha, kwa kuwa Mungu alikuwa amemkataza kuoa. Isitoshe, watu wa kijiji hicho hicho waliwahi kula njama ya kumuua. Akanunua.

Sura ya 32 ya kitabu cha Yeremia inaeleza mauzo hayo hatua kwa hatua, na yeyote aliyewahi kununua kiwanja mbele ya mwenyekiti wa mtaa atazitambua hatua zenyewe. Fedha zilipimwa kwenye mizani, shekeli 17, kama gramu 190 hivi. Hati ikaandikwa, mashahidi wakaweka majina yao. Nakala moja ikatiwa muhuri, nyingine ikaachwa wazi. Kisha Yeremia akamkabidhi mwandishi wake, Baruku, nakala zote mbili mbele ya watu waliokuwa wameketi uwandani, akamwagiza azitie katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi.

Tahadhari hiyo ilikuwa na maana. Mwaka 1982, wachimbuaji wa mambo ya kale huko Yerusalemu walikuta makumi ya mihuri ya udongo katika nyumba iliyoteketea mji ulipoanguka. Hati zilizofungwa kwa mihuri ile ziliungua zote, lakini moto huo huo uliukausha udongo ukawa mgumu kama tofali, na majina yakabaki yanasomeka. Muhuri mmojawapo una jina la Gemaria mwana wa Shafani, jina ambalo msomaji wa Yeremia atalikuta katika sura ya 36. Baruku alikuwa anatunza hati ndani ya mji utakaochomwa, na alijua hivyo.

Alijua kwa sababu bwana wake alikuwa amelihubiri anguko hilo kwa miaka 40 hivi. Hapa ndipo imani ya Yeremia inapotofautiana na ile tunayohimizwa mara nyingi. Hakununua shamba kwa kujifanya hayaoni majeshi. Mungu hakuwa amemwahidi kwamba mji utaokoka. Alikuwa amemwambia kwamba mji utaanguka, watu watachukuliwa mateka, na baada ya hayo nyumba, mashamba na mizabibu vitanunuliwa tena katika nchi ile. Ahadi haikumzuilia msiba. Ilimweleza kilichoko ng'ambo ya msiba, na yeye akakilipia kabla hajakiona.

Miaka miwili ya Hanania

Miaka michache kabla ya hapo, nabii mwingine aitwaye Hanania alisimama hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote. Akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili Mungu atauvunja utawala wa Babeli, na vyombo vya hekalu vilivyopelekwa huko vitarudi. Yeremia mwenyewe aliitikia amina, akasema laiti Bwana angefanya hivyo. Nani asingependa? Kisha Hanania akaivunja nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia kuwa ishara ya utawala huo, akasema Mungu atauvunja vivyo hivyo. Lakini neno halikuwa la Mungu. Hanania alikufa mwaka ule ule, na miaka miwili ikapita Babeli haijavunjika.

Kwa waliokuwa wamekwisha kuhamishwa hadi Babeli, Yeremia aliandika barua isiyo tamu hata kidogo. Jengeni nyumba, aliwaambia, pandeni bustani, oeni na kuozesha, uombeeni mema mji mliopelekwa, kwa maana itapita miaka 70. Aliyeisoma barua ile akiwa mtu mzima alielewa kwamba hatarudi.

Akina Hanania hawajaisha. Mgonjwa huambiwa atapona kabla ya Ijumaa. Mhitimu asiye na kazi huambiwa mwezi huu hautaisha kabla hajaipata. Wanandoa waliosubiri mtoto kwa muda mrefu hutabiriwa mapacha ndani ya mwaka. Tarehe ikipita, lawama humwangukia aliyeumia: imani yako ndogo, sadaka yako haikutosha. Wapo walioacha dawa kwa sababu ya maneno kama hayo, na wapo waliomwacha Mungu wakidhani ndiye aliyewadanganya. Hili linauma, na ni wajibu wetu sisi tunaoamini kulisema wazi. Wahenga walisema ahadi ni deni. Lakini deni humfunga aliyeahidi, halimfungi yule ambaye jina lake limetumiwa na mtu mwingine. Tumtegemee Mungu kwa alilosema. Tusimdai asilolisema.

Swali baada ya malipo

Baada ya kumkabidhi Baruku hati, Yeremia aliomba. Sala yake inaanza kwa sifa: uumbaji, ukombozi kutoka Misri, nchi waliyopewa mababu. Inaendelea vizuri hadi mwisho, halafu inakwama. Maboma ya adui yamefika mjini, Yeremia anasema, upanga na njaa na tauni vimekwisha ingia, nawe unaniambia nikanunue shamba mbele ya mashahidi?

Fedha ilikuwa imekwisha toka mkononi, lakini moyo ulikuwa bado unauliza. Wakristo wengi huificha hali hii. Hukaa ibadani na maswali makubwa kifuani, wakiogopa kwamba kuyatamka ni kukufuru. Yeremia aliyatamka, na Mungu hakumkemea. Alimuuliza kama kuna neno lolote lililo gumu kwake, kisha akairudia ahadi ile ile, kwa urefu zaidi kuliko mwanzo.

Hata hivyo nabii hakuishi kwa maneno tu. Katika siku hizo hizo za kuzingirwa, wakuu walimtupa katika shimo la maji lililokuwa limebaki na matope tu, akazama humo. Aliyemtoa alikuwa Mkushi, Mwafrika kutoka nchi iliyo kusini mwa Misri, jina lake Ebedmeleki, mtumishi katika nyumba ya mfalme. Alikwenda kwa mfalme akamtetea, akapewa watu 30. Kabla ya kwenda shimoni alipita chini ya hazina, akaokota matambara na nguo kuukuu, akazishusha kwa kamba na kumwambia Yeremia aziweke makwapani, chini ya kamba, ndipo wamvute.

Kamba peke yake ingetosha kumwokoa. Matambara yalikuwa kwa ajili ya ngozi ya mtu aliyedhoofika kwa njaa. Ebedmeleki alifikiria maumivu ya kuokolewa, na Biblia ikaona jambo hilo linastahili kuandikwa. Mtu akikata tamaa, mara nyingi ahadi ya Mungu humfikia kwa njia hii: uji wa moto uliopelekwa wodini, jirani anayewachukua watoto baada ya shule, wanajumuiya wanaochangishana nauli ya kliniki.

Watu 128

Yeremia hakulima shamba lake. Mji ulipoanguka, Wababeli walimwachia huru, lakini manusura walioikimbia nchi walimchukua bila ridhaa yake hadi Misri, na Maandiko hayasemi kwamba alirudi.

Mwaka 539 kabla ya Kristo, Koreshi wa Uajemi aliitwaa Babeli, na Wayahudi wakaruhusiwa kurudi kwao. Sura ya pili ya kitabu cha Ezra ina orodha ndefu ya waliorejea, ile ambayo wasomaji wengi huiruka kwa sababu ni majina na hesabu. Katikati yake wametajwa watu wa Anathothi: 128. Nehemia anaitaja idadi hiyo hiyo. Hatuambiwi kama kuna aliyekifukua chombo cha Baruku. Tunaambiwa kwamba kijiji kilipata watu tena, kama ilivyosemwa wakati hakuna aliyeweza hata kukifikia.

Basi kuamini wakati wa giza kuna kazi zake, na nyingi hufanywa kwa mikono. Mkulima aliyepoteza misimu miwili kwa ukame anatenga mbegu badala ya kuzisaga zote. Mgonjwa wa muda mrefu anakwenda kliniki kila tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yake, na anaomba. Kijana aliyetuma maombi ya kazi bila kujibiwa anajifunza ufundi. Katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo, wapo waliozaliwa humo na sasa wana watoto wao, na asubuhi watoto hao huamshwa kwenda shule. Barua ya Yeremia kwa mateka wa Babeli iliwahusu watu kama hao.

Kwa hiyo aliye katika kipindi kigumu asijitwishe mzigo wa kujihisi ana nguvu. Ahadi haisimami juu ya hisia zake. Achague tendo moja la siku zile anazozingojea, dogo kadiri anavyoweza, alifanye leo, na maswali yake ayapeleke kwa Mungu bila kuyapamba.

Na sisi tulio na unafuu tusiishie kuwahubiria wenzetu subira. Ukikutana Jumapili hii na mtu aliyeelemewa, kabla ya kumwambia avumilie, muulize kama dawa zimepatikana, kama ada imelipwa, na kama kuna mtu wa kukesha na mgonjwa ili yeye apate kulala. Anza na jibu atakalokupa.