Jina Katika Maandishi

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Lakini daftari nalo lafaa nini ikiwa majina yaliyomo hayafahamiki? Jina liandikwapo si alama tu ya kutambulisha kitu; hubeba habari, na pengine hubeba makosa pia.

Yatazamwe mahindi. Asikiaye jina hilo hudhani kuwa nafaka hiyo ilitoka Bara Hindi. Waitalia nao huiita granturco, yaani nafaka ya Kituruki. Kumbe asili yake ni Mexico, huko Amerika, ambako ililimwa kwa maelfu ya miaka. Kila taifa liliipa jina la watu liliowadhania kuwa ndio wenyewe. Basi jina halikuhifadhi asili ya mmea, bali mawazo ya walioupokea.

Mwaka 1753 Carl Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, alitoa kitabu kiitwacho Species Plantarum, ambamo karibu mimea 6,000 ilipewa majina ya maneno mawili mawili. Neno la kwanza ni la kundi, la pili ni la mmea wenyewe, kama mtu atajwavyo kwa ukoo wake na kwa jina lake. Tangu hapo mahindi huandikwa Zea mays, na msomaji wa Nairobi huelewana na wa Roma bila mkalimani. Hata hivyo, mtaalamu naye hakuepuka kosa: kahawa aliiita Coffea arabica, yaani ya Uarabuni, na hali asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia. Jina hilo limedumu, kwa maana kazi yake ni kutambulisha, wala si kusimulia asili.

Lakini liko jambo ambalo jina la kitaalamu halilisemi. Muhogo, uwe mtamu au mchungu, huandikwa Manihot esculenta tu. Ni wakulima waliozitenga aina zake kwa majina, kwa kuwa muhogo mchungu una sumu nyingi zaidi, nao hauliwi kabla ya kumenywa, kulowekwa na kukaushwa vema. Karani akiandika "muhogo" pasipo kutaja aina yake katika orodha ya vipando, navyo vikapelekwa kwa watu waliozoea kuuchemsha mara ung'olewapo, neno moja lililoachwa laweza kuleta msiba nyumbani.

Kwa hiyo yafaa orodha ya mbegu iwe na majina yote mawili: la kitaalamu, ili wageni wafahamu, na la wenyeji, ili maarifa ya kulima na kupika yasipotee. Wazee wayajuao majina hayo hawatakaa milele. Mwenye kalamu na awaulize mapema, kwani jina lisiloandikwa huzikwa pamoja na mjuzi wake.