Siki Kwanza, Mafuta Baadaye

Familia zenye asili ya Kihindi zilizokaa Ngara tangu enzi za ukoloni hazihitaji kufundishwa achari. Ndimu, siki na chumvi wanavijua. Ninaowahofia ni wale wanaotumbukiza kitunguu saumu kibichi katika mafuta matupu, wakaifunga chupa na kuiacha kabatini. Mafuta huzuia hewa, na pasipo hewa ndipo bakteria wa botulizimu hustawi na kutoa sumu isiyo na harufu. Mwaka 1985, mjini Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua kwa mchanganyiko wa namna hiyo.

“Nitaichemsha chupa,” mtu atasema. Ole wake! Mbegu za bakteria hao hustahimili maji yachemkayo kwa nyuzi 100 za Selsiasi, sembuse hapa Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, ambako maji huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Walimu wa sayansi, mfano wa shinikizo la hewa ndio huo.

Punje zizamishwe katika siki ya asilimia 5, isiyotiwa maji, kisha chupa iwekwe kwenye jokofu. Zikigeuka rangi ya samawati zisitupwe; hiyo ni kazi ya asidi, haina madhara.