KWA NINI SHINGO HUVIMBA?



Kwetu ni katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Bibi yangu, mzaa baba, ana rovu shingoni, kubwa kama ngumi. Tangu utotoni niliambiwa kuwa lilitokana na kubeba mizigo mizito kichwani. Wengine walinong'ona kuwa amerogwa. Nami niliamini hivyo, mpaka tulipojifunza habari za homoni katika somo la biolojia. Ndipo nilipotambua kuwa rovu lile ni juhudi ya mwili wenyewe. Nimeona yafaa niwaeleze wenzangu.

Homoni ni kitu kinachotengenezwa na tezi, kikaingia katika damu na kupeleka amri sehemu nyingine za mwili. Mbele ya koo, chini kidogo ya kikoromeo, iko tezi yenye umbo la kipepeo, uzito wake wapata gramu 20. Jina lake ni tezi dundumio, nayo hutengeneza homoni iitwayo thairoksini. Homoni hii huuamuru mwili utumie chakula kwa kasi gani. Ikipungua, mtu huona baridi, huchoka upesi na huwa mzito wa kufikiri. Ikizidi, moyo humwenda mbio, hukonda, na mikono humtetemeka. Basi haitakiwi nyingi wala chache, bali kiasi.

Je, ni nani apimaye kiasi hicho? Na tutazame jiko la shule. Kiranja wa chakula huchungulia masufuria ya uji. Akiona uji umepungua, humwambia mpishi, "Ongeza!" Uji ukitosha, hunyamaza. Katika mwili, kiranja ni tezi ndogo kama njegere iliyo chini ya ubongo, iitwayo pituitari. Damu inapopita huko, tezi hiyo huipima. Thairoksini ikiwa chache, hutoa homoni ya kuichochea dundumio. Ikitosha, huipunguza homoni hiyo. Naye kiranja ana mwalimu wa zamu juu yake, yaani sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, ambayo pia hupima na kuamuru. Kwa njia hii thairoksini yenyewe ndiyo inayozuia kutengenezwa kwake kupita kiasi.

Lakini mpishi atapika nini ikiwa ghala halina unga? Unga wa dundumio ni iodini, ambayo kwetu tumezoea kuiita madini joto. Kila molekuli ya thairoksini ina atomu 4 za iodini. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 tu kwa siku. Hata kwa miaka 70 jumla yake haizidi gramu 4. Ni kidogo mno, lakini kikikosekana hakuna kitu kingine cha kushika mahali pake.

Sasa kiranja haoni ghala. Yeye huona masufuria tu. Uji ukiwa haba, hupiga kelele usiku na mchana. Mpishi naye, kwa utii, huongeza mafiga na masufuria. Jiko hupanuka mwaka baada ya mwaka. Hilo ndilo rovu. Mwanzoni upanuzi huo hufaa, kwa maana tezi kubwa hunasa hata iodini haba iliyomo katika damu. Lakini ghala likiwa tupu kabisa, jiko kubwa halileti uji.

Na kwa nini ugonjwa huu ulienea sana milimani? Ni kwa sababu mvua ya miaka mingi huosha iodini katika udongo na kuipeleka baharini. Samaki wa bahari wanayo ya kutosha, lakini mahindi na maharage ya milimani hayana.

Jambo hili lilithibitishwa kwa wanafunzi kama sisi. Mwaka 1917, katika mji wa Akron huko Marekani, Dakta David Marine na mwenzake Kimball walianza kuwapa wasichana wa shule dawa yenye iodini. Katika wasichana 2,190 walioitumia, 5 tu ndio waliovimba tezi. Katika 2,305 wasioitumia, walivimba 495. Mwaka 1922 Uswisi ilianza kutia iodini katika chumvi, na nchi nyingine zikafuata. Hapa Tanzania sheria ya jambo hili ililetwa katika miaka ya 1990.

Wenzangu, rovu si hasara kubwa kuliko zote. Mtoto aliye tumboni hutegemea thairoksini ili ubongo wake ukue. Mama akikosa iodini sana, mtoto aweza kuzaliwa na akili iliyodumaa, na hasara hiyo hairudishiki.

Likizo iliyopita nilimkuta Mama ni mjamzito. Chumvi yetu ilikuwa ya mawe, ya kupimiwa kwa kopo gulioni, isiyotiwa madini joto. Nikawaeleza haya yote. Bibi akasikiliza hata mwisho, kisha akaniuliza, "Basi, mjukuu wangu, nikila chumvi hiyo nzuri, hili langu litaondoka?"

Sikuweza kumdanganya. Nilimjibu, "Bibi, la miaka mingi kama hilo mara nyingi haliondoki kwa chumvi. Yafaa twende kwa daktari akalitazame, maana uvimbe wa shingo una sababu nyingi."

Alinyamaza kidogo, akamgeukia Mama. "Basi inunuliwe kwa ajili ya huyo anayekuja."

Siku ile ile nilitumwa dukani. Sasa chumvi ya nyumbani ni ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto, nayo hukaa ndani ya kopo lenye kifuniko, mbali na jua na mvuke, ili iodini isipotee. Mama huitia chakula kinapokaribia kuiva.

Ndugu zangu, mtakapofunga shule, itazameni chumvi ya nyumbani kwenu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne