Feni inanguruma lakini haizunguki? Angalia kapasita kwanza

UMERUDI nyumbani jasho likikutoka, unawasha feni. Inanguruma tu, mapanga yamesimama. Usiseme haraka kwamba mota imeungua. Mara nyingi shida ni kapasita, kile kidude kidogo chenye nyaya mbili, ambacho bei yake haikaribii ya mota mpya.

Ndani yake mna tabaka mbili nyembamba za metali, na katikati plastiki isiyopitisha stima. Tabaka moja hujaa chaji chanya, la pili hasi. Plastiki hiyo haikuwekwa kuzitenganisha tu. Molekuli zake huvutwa na chaji za pande zote mbili, na kuvutwa huko ndiko kunakoiwezesha kapasita kubeba chaji zaidi kwa volti zile zile.

Lakini molekuli si sawa zote. Chukua maji. Oksijeni hujivutia elektroni, kwa hivyo upande wake huwa hasi na wa haidrojeni huwa chanya. Hizo ndizo molekuli za polari. Zikikutana na stima hugeuka, kama watu kwenye steji matatu inapotokea: wote wanaelekea upande mmoja. Plastiki ya polipropilini, inayotumika sana kwenye kapasita za feni, haina polari. Elektroni zake husogea kidogo tu.

Hebu linganisha: maji safi huongeza uwezo wa kubeba chaji karibu mara 80 kuliko pakiwa patupu. Polipropilini? Mara 2.2 hivi. Mbona basi tusijaze maji?

Kwanza, maji yakiwa na chumvi hata kidogo hupitisha stima. Pili, kugeuka kuna gharama. Stima ya nyumbani hubadilisha mwelekeo mara 100 kila sekunde. Molekuli za polari zikijaribu kuufuata, hukwaruzana na kuzaa joto. Polipropilini haina cha kugeuza, kwa hivyo haipotezi stima nyingi. Microwave, kwa upande wake, inataka joto hilo hilo: huyageuza maji yaliyo kwenye chakula mabilioni ya mara kwa sekunde, na chapo yako inapata moto.

Sasa, kabla hujashika bisibisi, sikiza vizuri. Kuchomoa plagi hakumalizi chaji iliyo ndani ya kapasita. Ile ya microwave inaweza kubaki na volti 2,000 au zaidi, na imeshawahi kuua watu. Hiyo usiifungue kabisa, msee. Hata ya feni usiguse ncha zake. Mwachie fundi aliyesomea kazi aondoe chaji kwanza.

Na ukitumwa dukani kununua nyingine, soma maandishi yaliyo kwenye ile ya zamani. Mikrofaradi zifanane, volti zisipungue. Ukiuziwa ya volti za chini kwa sababu ni rahisi, plastiki ile nyembamba itatoboka, na utarudi pale pale: feni inanguruma, jasho linakutoka.